DOS ya Papa Kabwe

Nilidhani ni tapeli. Namba siijui, sauti ya msichana, na neno lake la kwanza ni "Anti, samahani, usikate." Hapa Joburg mtu akikuambia usikate, wewe unakata. Sikukata kwa sababu alitaja jina ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu nisiyemjua. Alisema yeye ni Clarisse, binti wa Papa Kabwe, na kwamba baba yake amefariki Jumanne hospitalini, kifua kilimzidi. "Kiswahili changu si sharp, Anti," akaniomba radhi, maana amezaliwa huku na Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. Jumamosi wanazika. Kanisa linataka mtu mmoja wa kazini asimame aseme maneno machache juu ya marehemu. Nikamuuliza, kazini wapi, si alikuwa mlinzi? "No, si ya ulinzi," akasema. "Ile ya mashine. Baba alikuwa akisema kuna dada Mtanzania anaijua mashine yake." Nikamwambia nitampigia. Nilibaki nimeishika simu, chai ikapoa, na mawazo yakanirudisha mwaka 2015, mwaka niliokuwa nimejiambia umekwisha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kompyuta nilichokipata Tanga, na ulimi mrefu kuliko cheti. Nilipata kazi Troyeville kwa Maman Béa, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa akishona na kudarizi sare za kwaya. Karakana yake ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza ya nguzo za chuma na sakafu ya mbao iliyolia kila ukipiga hatua, na mimi niliipenda sakafu ile kwa sababu hakuna ambaye angeweza kukunyemelea. Chumba cha mbele kilikuwa na vyerehani vinne na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Chumba cha kati, ambacho zamani lazima watu walilala humo maana kabati la ukutani lilikuwa bado lipo, kilikaliwa na mashine ya kudarizi yenye vichwa sita, ndefu kama meza ya harusi. Nyuma palikuwa na jiko. Kila mlango ulikuwa na kufuli, na wa jikoni mawili. Mwaka ule wageni walikuwa wakishambuliwa mitaani, na wengi tulifunga mageti mchana kweupe. Kulikuwa na wiki ambazo tulisikia kelele upande wa barabara kubwa, kwenye robot, yaani taa za barabarani, na Maman Béa akazima vyerehani vyote ili tusikilize kama wanakuja huku. Tulijifunza kutomwamini anayebisha hodi. Halafu, kama ilivyo, mtu akizoea kutomwamini wa nje, hachelewi kumgeukia wa ndani.

Papa Kabwe ndiye aliyeiendesha mashine. Alikuwa mzee mrefu kutoka Lubumbashi, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, miwani imekazwa kwa uzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya kompyuta ya kampuni moja ya madini huko kwao. Mashine ile ya kudarizi iliongozwa na kompyuta kuukuu, ya rangi iliyokuwa nyeupe ikawa kama meno ya mvuta tumbaku, na kompyuta hiyo haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe. Unaiandikia amri, inatii. Ukikosea herufi moja, inakukaripia. Nakshi zote za karakana, kazi ya miaka kumi na zaidi, zilikuwa humo: misalaba, njiwa, vinanda, majina ya kwaya, hata nakshi za vifua vya kanzu ambazo Maman Béa aliwashonea Waislamu wa Rosettenville. Papa Kabwe alipokuwa akiandika amri, aligeuza bega lake kubwa likafunika kibodi. Nikajiambia, he, huyu ana lake jambo.

Tangu siku ya kwanza sikumpenda, na sababu niliiona kwenye kioo cha kompyuta. Tanga tulifundishwa DOS, ule mfumo endeshi wa zamani wa amri, na kompyuta za DOS zikiwaka zinaandika jina la kampuni yenye mfumo. Mimi nililijua jina hilo kama jina la mtaa wangu. Kompyuta ya Papa Kabwe ilipowaka iliandika jina jingine kabisa. Nikamwambia mbele ya watu, "Hii siyo DOS." Akanitazama juu ya miwani. "Ni DOS. Ila haiko ile ya bakubwa." Nikamuuliza basi ni ya nani. "Weye unajua kusoma," akasema, "muzuri. Wengi banapita hapa hawaone hata jina." Hakunijibu swali. Nikaandika moyoni: mzee anatumia mfumo wa magendo.

Mchana tulikula jikoni pamoja, na hata chakula kilikuwa na upelelezi wake. Wao walikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mara samaki, mara nyama. Maman Béa kwa heshima yake alininunulia kuku wa halali, akanipikia kwenye sufuria yangu peke yake yenye mfuniko wa bluu, na mimi kwa ukosefu wangu wa haya nilikwenda kuchungulia pipa la taka nione kama karatasi ya kuku ina alama. Ilikuwa nayo. Siku iliyofuata nikachungulia tena. Papa Kabwe alinikuta nimeinama kwenye pipa, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Mwanaidi, weye ungefaa kuwa douanier!" akasema, yaani afisa forodha. Nilikasirika, lakini nadhani ndiyo siku aliyoanza kunipenda, kwa sababu kuanzia hapo alianza kunisimulia habari za DOS yake, kidogo kidogo, kila mchana kipande kimoja, akichambua miiba ya samaki.

Alisema hapo mwanzo kabisa, kompyuta ndogo za mezani zilipokuwa bado kitu cha watu wa kuchezea na bisibisi, kulikuwa na Mmarekani mmoja aliyeandika mfumo endeshi wa kuziongoza, na karibu wote wakautumia. Kisha kampuni kubwa ya kompyuta za maofisini ikataka kutoa kompyuta yake ndogo, ikaenda kumwomba, na hawakuelewana. Watu wanasimulia mpaka leo sababu ya kutoelewana, kila mtu na yake, na Papa Kabwe hakuiamini hata moja. Kampuni ile ikaenda kwa vijana wengine, na vijana wale wakanunua mfumo uliokuwa umetengenezwa na mtu mwingine kwa kufuata mtindo wa yule Mmarekani. Huo ndio uliokuja kuwa DOS, ndiyo niliyofundishwa Tanga. "Kwa hiyo ya kwanza ni ya nani?" akaniuliza. Nikaendelea kutafuna. Baada ya miaka kadhaa kampuni ya yule wa kwanza ikarudi sokoni na DOS yake yenyewe, inayoendesha programu zile zile, halafu ikaongeza mambo ambayo nyingine haikuwa nayo: faili ukaliwekea neno la siri, na diski ukaibana ili iingize karibu mara mbili ya kipimo chake. Kule kwenye madini waliichagua hiyo, na yeye ndiye aliyeiweka, mashine moja baada ya nyingine.

"Halafu?" nikauliza, maana nilikwishanaswa. Akaweka kijiko chini. Wakubwa wenye DOS maarufu walikuwa wakitengeneza programu mpya, ile ya madirisha na picha, na wakawapa watu waijaribu kabla haijauzwa. Ndani ya ile ya majaribio walificha ukaguzi. Ikijikuta imekaa juu ya DOS yao, inaendelea kimya. Ikijikuta imekaa juu ya DOS ya mwenzao, inaandika kwenye kioo kwamba kuna kosa. "Na kosa halikuwepo," akasema Papa Kabwe, akanyoosha kidole. "Hakukuwa kintu. Baliandika tu neno: kosa. Mtu anaona neno, anaogopa, anatoa." Maandishi ya ukaguzi wenyewe yalifichwa kwa mafumbo ili yasisomeke, mpaka mtaalamu mmoja akayafumbua. Ilipotoka kuuzwa, ujumbe ule ulikuwa umezimwa, lakini maneno yalikwisha kuenea. Kesi ilikuja miaka baadaye, wakamalizana pembeni bila hukumu, na kufikia hapo DOS ile ilikuwa imeshapita mkono kwa mkono, kampuni hii ikiiuza kwa ile, mpaka ikabaki kwenye vitu ambavyo hakuna anayevitazama: mashine za kaunta, mizani, na mashine ya kudarizi ya Troyeville. Mimi nilisikiliza yote hayo, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, mzee huyu anajitetea kabla hajashitakiwa.

Sasa nieleze jambo la nembo, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwaya za Wakongo hapa zina desturi moja ambayo mimi, binti wa madrasa, niliistaajabia. Kwaya ikifikisha miaka kadhaa inafanya sikukuu, inatoka na sare mpya, na juu ya sare kuna nembo mpya kifuani. Nembo hiyo ni siri. Hata wanakwaya wenyewe hawaioni mpaka asubuhi ya kutoka. Kwaya nyingine ikiivaa kabla yenu ni fedheha. Watu watasema nyinyi ndio mlioiga. Mwaka ule kwaya ya kanisa la Maman Béa mwenyewe, ambako Papa Kabwe pia alisali, ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na nembo ilikuwa njiwa amesimama juu ya kinanda, mionzi saba nyuma yake. Aliyeichora ni Maman Béa. Aliyeigeuza kuwa nakshi ya mashine, akikaa wiki mbili akipanga kila mshono, ni Papa Kabwe. Aliyebadilisha nyuzi na kukata majaribio ni mimi. Maman Béa alikuwa akikagua mikoba yetu mlangoni kila tukitoka, huku akituomba msamaha.

Jumapili mbili kabla ya sikukuu, kwaya moja ya Rosettenville ilisimama kanisani kwao na njiwa juu ya kinanda vifuani mwao. Mionzi saba, niliihesabu mwenyewe kwenye picha iliyotumwa kwa simu. Jumatatu mwenyekiti wa kwaya alikuja karakana, hakukaa hata kwenye kiti. Maman Béa alilia kilio cha msiba. Alipofuta uso alisema taratibu, "Batu batatu tu njo balijua ile kintu." Alitazama kiganja chake, kana kwamba jibu liko pale. Watatu: yeye si mwizi wa kitu chake, mimi najijua. Nilipokaa naye jikoni jioni ile nilimmwagia yote niliyokuwa nimeyaweka akiba miezi mingi: mfumo usio wa kawaida, bega juu ya kibodi, maneno ya siri, na zile flopi, diski ndogo za plastiki, ambazo kila Ijumaa mzee anatia mfukoni mwa koti na kwenda nazo nyumbani. "Za nini, Maman? Nakshi zimo kwenye kompyuta, yeye anapeleka wapi?" Nilisema kwa sauti ya kusikitika. Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia hodari.

Kesho yake Maman Béa akamwamuru azilete flopi zote. Papa Kabwe alizileta kwenye mfuko wa plastiki bila kubisha. Alisema ni nakala tu, za kulinda, maana diski ikizeeka inakufa bila kuaga. Maman Béa akanitazama. Mimi nikainua mabega. Akatoka uani, akawasha jiko la mkaa, akazichoma moja moja ili asiwepo wa kuziuza, na moshi wa plastiki ukatufuata mpaka chumba cha mbele. Papa Kabwe alisimama mlangoni akitazama. Hakusema neno, na kimya chake nacho nikakihesabu kuwa ushahidi.

Jumamosi Papa Kabwe hakuwa kazini. Nilikuwa nimekwenda Newtown kwa fundi mmoja wa kompyuta za zamani, nikapata flopi yenye DOS ninayoijua, ile halali, ya cheti. Nikaitia kwenye kompyuta, nikaiwasha kwa hiyo badala ya ile ya mzee, nikaandika amri ya kuonyesha hata vilivyofichwa. Lahaula! Nakshi hazikuwepo. Diski karibu yote ilikuwa imejazwa na faili moja, kubwa ajabu, lenye jina lisiloeleweka, limefichwa. Nikamwita Maman Béa mbio. "Ona! Ona mwenyewe, Maman. Hili ndilo ghala lake." Maman Béa akainamia kioo, pumzi zake nikazisikia sikioni. Hakujua kusoma kilichoandikwa. Alikuwa akisoma uso wangu. Akasema, "Toa." Nikafuta. Halafu kwa bidii yangu, bila kutumwa, nikaifomati diski nzima kwa ile njia tuliyofundishwa ya kutoacha kinachoweza kurudishwa, nikaweka DOS yangu. Ikawaka vizuri, ikaandika jina ninalolijua. Nilifurahi kama mtu aliyefagia nyumba. Kisha tukatafuta nakshi, na hazikuwepo popote.

Jumatatu asubuhi wanakwaya kama kumi walikuwa chumba cha mbele wakipimwa, na mwenyekiti wao. Papa Kabwe aliingia, akawasha kompyuta, akasimama. Akainama akasoma jina lililoandikwa kwenye kioo. Akauliza, "Nani amegusa?" Maman Béa akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwamba ameiona siri yake kwa macho yake mawili. Mzee akaanza kueleza, Kiswahili na Kifaransa vikigongana mdomoni. Alisema lile faili kubwa ndilo nakshi zenyewe. Diski ilikuwa ndogo, hivyo aliibana kwa ile DOS yake, na DOS hiyo inapobana inafungasha kila kitu ndani ya faili moja. Ukiwasha kwa mfumo wake, linafunguka, unaona nakshi zote zimepangwa. Ukiwasha kwa mfumo mwingine, unaona furushi tu. "Ni nguo bote ndani ya valisi moja, Maman. Muliitupa valisi." Valisi kwao ni sanduku la nguo. Mwenyekiti wa kwaya akacheka kwa pua, na wengine wakamfuata.

Maman Béa akanigeukia. Hapo ndipo ninapoamka usiku hata sasa. Akaniuliza mimi, mtoto wa juzi, mbele ya mzee yule: "Mwanaidi, weye ulisoma. Anasema kweli?" Na mimi, wakati mzee anaeleza, nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu. Ukubwa wa lile faili. Nakshi za miaka kumi, kwenye diski ndogo vile, zingeingiaje bila kubanwa? Na si alinieleza mwenyewe, jikoni, na miiba ya samaki kwenye sahani, kwamba DOS yake inajua kubana diski? Nilijua. Niseme wazi, nimechoka kulipamba: nilijua anasema kweli, na nikajua ni mkono wangu uliofuta. Ningekiri, kazi ingekwenda, na bila kazi mwaka ule ningekwenda wapi? Nikasema, "Sijawahi kusikia kitu kama hicho." Papa Kabwe akanitazama. Sijui kama alikuwa na hasira; alinitazama kama fundi anayetazama chombo alichokiazima kwa jirani kikamvunjikia. Maman Béa akafungua kufuli la mlango wa mbele, akamwambia atoke, na mwenyekiti akamsindikiza kwa maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyajua. Mzee alisahau koti lake. Hakuna aliyemkimbilia nalo.

Kwaya ilitoka na sare zisizo na nembo. Mimi nikapewa kiti cha Papa Kabwe, nikaanza kuchora nakshi upya, moja moja, na mpaka leo mkate wangu unatokana na ujuzi nilioupata kwenye kiti kile. Wiki kama tano zilipita. Jumapili moja nilikwenda Rosettenville kwa Bi Zuhura, mama wa Tanga aliyekuwa jirani yetu kule kwetu, fundi wa kujaza mito. Mito yake ilikuwa na sifa mtaani kwa ulaini, na ulaini ule ulitoka kwangu: kila Ijumaa nilimpelekea gunia la matambara kutoka karakana, vipande vya majaribio, takataka tu. Maman Béa alikagua mkoba wangu, gunia hakuligusa, maana nani anakagua taka? Kwetu kitambaa hakitupwi. Mama yeyote wa Tanga angefanya hivyo hivyo. Bi Zuhura alikuwa na mteja, msusi wa Kikongo, wakicheka. Msusi akasema mto alionunua uliopita ulipasuka mshono, wakakuta ndani njiwa mzuri juu ya kinanda, ameshonwa vizuri jamani! Akawapelekea wenzake wa kwaya, wakadhani ni kitu cha kutupwa, kisicho na mwenyewe, wakamtafuta fundi wa kukiiga. "Tulikipenda sana," akasema. Mimi nikaiweka kahawa chini. Hakukuwa na mwizi. Tangu mwanzo hakukuwa na mwizi. Nakshi zilitoka mlangoni zimebebwa na mimi, mgongoni, na nilipita nazo nikimtazama Papa Kabwe kwa jicho la pembeni.

Nilimtafuta siku nne. Nilimkuta Newtown analinda uwanja wa kuegesha magari, amevaa sare ya ulinzi iliyompwaya, anasimama nyuma ya geti la chuma. Hakulifungua. Nikamweleza kila kitu kupitia kwenye nondo, gunia, mito, msusi, hata kile nilichokijua siku ile nilipoulizwa. Nililia, na watu waliopita walitutazama wakadhani ni ugomvi wa baba na binti. Alisikiliza mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nikimsikiliza yeye jikoni. Kisha akauliza, "Maman anajua?" Nikasema bado. "Wale ba kwaya banajua?" Bado. Akaniambia, "Basi hujakuja kunirudishia kintu, Mwanaidi. Umekuja kutua muzigo yako hapa. Miye niko na ya kwangu." Gari lilikuwa limekuja, likapiga honi, akaenda kulifungulia.

Nilipanga kumwambia Maman Béa wiki hiyo hiyo. Kisha wiki iliyofuata. Kisha nikahama, nikafungua karakana yangu, na kila sikukuu nilimtumia mzee salamu kwa simu, na hakunijibu hata moja, na mimi nikajifariji kwamba namba imebadilika. Miaka yote hiyo, Maman Béa akilitaja jina lake aliongeza, "Mungu amusamehe." Amsamehe! Na mimi niliitikia amina. Ile programu aliyonisimulia, iliyoandika kosa pasipo kosa, ilikuja kuzimwa na walioitengeneza. Mimi sikujizima.

Sikumpigia Clarisse. Nilimpigia kwanza Maman Béa. Alianza kunipa pole ya msiba, nikamkatiza, nikamweleza bila kupumua, kama mtu anayekunywa dawa chungu: ombi la Clarisse, matambara, mito, furushi lililokuwa nakshi zenyewe, na neno langu siku ile mbele ya wanakwaya. Nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni. Nikaogopa ameanguka. "Maman?" nikasema. "Maman, uko?"

"Niko," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mzee, na mimi nilikuwa sijatambua kwamba amezeeka. "Nilimufukuza mbele ya batu, Mwanaidi. Mbele ya kwaya yote. Hii maneno haiwezi kuisha kwa telefone." Nikamwambia nitakwenda kwake nimpigie magoti. "Kwangu? Miye njo nani? Kesho kutwa kwaya ile ile itaimba kwa kaburi yake, na mwenyekiti ule ule. Umuitikie ule mtoto, umuambie utasema. Utasimama mbele yao, utasema yote, na jina yangu utaitia ndani. Miye nitasimama karibu yako." Kisha akasema, "Na usinong'one."